Takwimu zifike Msimbazi na Jangwani

Marekani klabu za besiboli huchukua wanafunzi wa takwimu kwa mafunzo ya vitendo, wachambue kila mpira uliorushwa. Oakland Athletics, klabu ya bajeti ndogo, ilishinda mechi 20 mfululizo mwaka 2002 kwa kutumia wachezaji waliodharauliwa na wengi, ila hesabu zikawakubali.

Hapa Kariakoo tuna klabu za soka: Simba ya Mtaa wa Msimbazi na Yanga ya Jangwani. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika nacho kiko jijini humuhumu. Mwaka 2023 Yanga ilikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Tofauti nyembamba kiasi hicho! Hata hivyo, usajili wetu wa wachezaji bado unapigiwa debe vijiweni, na vijiwe ni vitamu, sikatai. Viongozi, wachukueni vijana wa chuo hicho kabla ya dirisha lijalo la usajili.