Dawa ya Tembo Ndani ya Ubongo

Msikilizaji, kafentanili ni dawa ya kulaza tembo, yenye nguvu takriban mara 10,000 ya mofini. Ndiyo hiyo hiyo wanasayansi wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, waliyoitumia miaka ya 1980 kupiga picha za vipokezi vya afyuni katika ubongo wa mtu aliye hai. Wasiwasi wako ni wa haki, ila kipimo chake ni kidogo mno, na hubebeshwa kaboni-11 yenye mionzi ili mashine ya PET ione inakonasia.

Kaboni hiyo haina subira: kila dakika 20 nusu yake imetoweka. Saiklotroni inayoitengeneza sharti iwe jirani na mgonjwa, na hapo ndipo hospitali nyingi hukwama.

Kati ya tafiti zilizotumia dawa hii, ulionigusa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Michigan wa 2005. Vijana walidungwa maji ya chumvi kwenye msuli wa taya, yakauma kwelikweli. Kisha wakapewa dawa bandia, wakiambiwa huenda ikatuliza. Picha zikaonyesha ubongo ukimwaga afyuni yake wenyewe, ikikalia vipokezi vile vile. Kumbe waliosema wamepata nafuu hawakuwa wakijidanganya.