Ukungu Ukutani: Tafuta Maji Kwanza

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Tukuyu)



Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Ukungu ni ule unaofunika mlima Rungwe asubuhi, na ukungu ni yale madoa meusi yanayoota ukutani nyuma ya kabati. Sisi wa Tukuyu tumejaliwa vyote viwili! Mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi mmeshazoea kuona madoa hayo na kudhani ni uchafu tu. Sivyo. Ni kuvu, kiumbe hai, na kinachokilisha ni unyevu. Dar es Salaam unyevu huo unaweza kutoka kwenye kiyoyozi kinachovuja. Hapa kwetu baridi ni ya bure, hatuhitaji kiyoyozi. Maji yanapitia kwenye tundu la msumari wa bati, au mtaro umeziba majani na maji yanalala kwenye msingi. Halafu kuna zile nguo mbichi mnazoanika ndani usiku.

Kuvu hutoa vimbegu visivyoonekana kwa macho. Ukivivuta unaweza kukohoa, kutokwa na mafua yasiyoisha, au kubanwa kifua, hasa kama una pumu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulithibitisha kwamba chanzo ni ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo! Mgeni anakuja, chokaa inapakwa, masika ikifika madoa yamerudi. Mvua ikinyesha, ingia ndani utazame maji yanapitia wapi. Zibeni bati, zibueni mtaro. Kama ni bweni, mwonyesheni matroni mahali penyewe panapovuja. Ndipo sasa usugue ukuta kwa maji ya sabuni, madirisha wazi, kitambaa puani, kisha uukaushe. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu. Kitanda kisigusane na ukuta. Godoro lililoota kuvu mpaka ndani halisafishiki (najua bei ya godoro, lakini ndivyo ilivyo).

Sasa hili naomba mlisikilize vizuri. Juni na Julai wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, eti likaushe ukuta na kuwapasha moto, kisha wanafunga mlango walale. Mkaa ule unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia, huamki tena. Ukungu ni mbaya, lakini jiko hilo linamaliza chumba kizima usiku mmoja. Hata likionekana limebaki majivu na kaa mbili tatu, litoe nje.

Tena, mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, msiusingizie ukungu. Aende hospitali apimwe makohozi, kwani huenda ni kifua kikuu. Dawa zake ni bure.

Haya, nani ana swali? Dada pale nyuma, simama tukusikie.