Shoga, Sahibu, Rafiki: Usuhuba na Mapenzi ya Vijana wa Jinsia Moja katika Msamiati wa Waswahili, kwa Kuanzia Pemba



Miaka kadhaa iliyopita aliingia ofisini kwangu mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mzaliwa wa Pemba. Baada ya kuniamkia aliuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilikuwa la msamiati tu: "Mwalimu, Kiswahili kina neno gani la mvulana anayempenda mvulana mwenziwe, ambalo si tusi?"

Kisha akanisimulia. Alipokuwa skuli ya sekondari alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Wakienda skuli pamoja, msimu wa karafuu ukifika wakichuma pamoja, na mama wa mmoja wao akiwapakulia sinia moja bila ya kuuliza lolote. Walichokuwa nacho mioyoni hawakumwambia mtu, wala hapakuwa na mtu aliyewataka waseme. Mtaani walijulikana kuwa ni masahibu, na neno hilo likatosha. Siku moja mtu mzima akawaita kwa neno jingine, mbele ya watu. Tangu siku hiyo yule mwenziwe hakula tena katika sinia ile.

Nilimjibu kwa kumtajia vitabu. Mhadhara wa leo ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Tuanze na neno lenyewe aliloitwa, yaani shoga. Kwa aliyekulia Pemba au Unguja, hili ni miongoni mwa maneno ya mwanzo ya mapenzi anayoyasikia yakitamkwa na wanawake watu wazima baina yao. Shoga ni zaidi ya mtu unayejuana naye. Ndiye unayemwachia watoto, unayevaa naye sare harusini, anayekuja kulala kwako unapofiwa, na ambaye mume hana ruhusa ya kuuliza mnazungumza nini. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili kilitoka mwaka 1870, alilifasili neno hili kuwa ni rafiki, tena akabainisha kwamba hutumiwa na wanawake peke yao. Maana ya pili, ya mwanamume anayependana na wanaume, nayo si ngeni. Wakusanyaji wa msamiati wa karne ya 19 waliisikia, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu inazibeba maana zote mbili.

Kinachoamua maana ni nani anayesema na nani anayesemwa. Mwanamke akimwita mwanamke hivyo, anamwita rafiki. Mwanamume akimwita mwanamume, anamtukana. Lakini iko hali ya tatu ambayo vitabu vyetu vya isimujamii vimeipita kimya: mwanamke anapomwita mwanamume shoga kwa upole, jikoni au penye ngoma ya harusi. Hapo maana mbili hukutana. Anamkaribisha katika usuhuba wa kike, na papo hapo anakiri kwamba anamjua alivyo. Gill Shepherd, aliyeandika juu ya Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory, aliyeandika juu ya mwambao mwaka 1998, wote wawili walieleza watu wa namna hiyo waliojulikana na jamii zao na wakaendelea kuishi ndani yake. (Shepherd, kwa maoni yangu, alitia uzito mno kwenye cheo na mali, hata msomaji wake akaweza kusahau kwamba watu hupendana.)

Nisieleweke kuwa nasema Pemba ya zamani ilikuwa pepo. Kilichokuwapo, na ambacho bado hakijatoweka, ni sitara. Aliyestiriwa hajasifiwa wala hajaruhusiwa. Ameachwa aishi, mradi jina lisitajwe. Wale vijana wawili walikuwa wamestiriwa kwa neno sahibu. Sitara ina gharama yake, kwani aliyestiriwa hawezi kudai haki, na siku kifuniko kinapofunuliwa hana pa kukimbilia. Hata hivyo, isimu inatulazimu tukiri kwamba kuna jamii zinazokubali kwa kutaja na kuna zinazokubali kwa kutotaja, na mwambao wetu kwa muda mrefu ulikuwa katika kundi la pili.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na maneno. Oscar Baumann, Mwaustria ambaye kitabu chake juu ya kisiwa cha Pemba kilitoka mwaka 1899, mwaka huohuo alitoa makala fupi kuhusu mapenzi ya jinsia moja Zanzibar. Humo aliandika neno mke-si-mume. Litazameni vizuri: ni sentensi nzima iliyogandishwa ikawa nomino. Halina mzizi wa uchafu, wala wa ugonjwa, wala wa dhambi. Linaeleza tu. Mimi sikuwahi kulisikia likitamkwa, na nimewauliza wazee wengi.

Hanithi lina historia nyingine. Unni Wikan alieleza mwaka 1977 nafasi ya khanith katika mji wa Sohar, Oman, nchi ambayo Wapemba wengi wana ndugu zao. Huko, kwa maelezo yake, lilikuwa jina la nafasi ya kijamii kati ya mwanamume na mwanamke. Katika kamusi zetu limeegemea zaidi upungufu wa nguvu za kiume, kana kwamba neno ni la daktari. Basha, kwa upande wake, mezani kwa wacheza karata ni mfalme, na msagaji limetokana na kitenzi cha kazi ya kila siku ya jikoni. Yote haya leo ni matusi. Mwanafunzi wangu aliyajua, na ndiyo maana alikuja kuuliza.

Hata hivyo, sarufi yetu ina ukarimu ambao msamiati umeupoteza. Nafsi ya tatu ya Kiswahili haitofautishi mume na mke. Kijana akisema "nampenda", hakuna kiambishi kinachomsaliti. Mpenzi, kipenzi, mwandani, muhibu: hakuna hata moja linalotaja jinsia. Tungo za mapenzi za Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba ambao kazi zao zilichapishwa mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla, ziliandikwa katika lugha hiyohiyo. Sisemi kwamba washairi hao walikuwa na siri. Nasema kwamba sarufi haikuwadai wataje mpendwa ni nani, na kijana yeyote anayezisoma darasani anaweza kumweka anayemtaka. Pale sarufi inapokaza uzi ni kwenye ndoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na hakuna kauli ya tatu. Kutendana kwenyewe, yaani kuoana, kunamtazamia mmoja wa kila upande. Kwa maneno mengine, Kiswahili humruhusu kijana apende bila kuulizwa, kisha humuuliza siku ya posa.

Uwezo huo wa kuficha na kufichua ndio uliotumiwa na Wanuri Kahiu wa Kenya alipoiita filamu yake Rafiki. Filamu hiyo ya mwaka 2018 imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inasimulia wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao urafiki wao unageuka mapenzi huku baba zao wakishindana katika siasa. Kahiu amewahi kueleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini mwake hulazimika kumtambulisha mpenzi kuwa ni rafiki tu. Filamu ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku mwezi Aprili, na mwezi Septemba Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Mwanaisimu hawezi kuacha kuona kwamba neno la kawaida kabisa, linalofundishwa somo la kwanza kwa wageni, lilifikishwa mahakamani.

Kwetu Zanzibar, mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya adhabu iliyotaja waziwazi pia mahusiano ya wanawake kwa wanawake, na sheria ya mwaka 2018 iliyochukua nafasi yake haikuyaondoa makosa hayo. Athari ya kisheria wataieleza wanasheria. Athari ya kiisimu iko katika nomino ushoga. Katika magazeti imebaki na maana moja. Ushoga wa bibi yangu na jirani yake, uliodumu miaka arobaini mpaka mmoja akamwosha mwenziwe maiti, hauwezi tena kuandikwa kwa jina lake bila msomaji kushtuka.

Na sisi wanaisimu tumo. Niliwahi kukaa katika jopo la kamusi ambalo sitalitaja. Tulipofika kwenye kidahizo shoga, mimi ndiye niliyependekeza maana ya pili iandikwe "mwanamume mwenye tabia chafu". Hakuna aliyepinga, tukaenda kunywa chai. Hiyo haikuwa fasili. Fasili hueleza neno linamtaja nani, nami niliandika ninamwonaje. Sijui kama yule mtu mzima wa Pemba aliwahi kufungua kamusi, lakini kama alifungua, sikumzuia.

Leo ningeandika hivi: "shoga nm ma- [a-/wa-] 1. rafiki wa kike wa mwanamke. 2. mwanamume anayependana na wanaume. Hutumika aghalabu kwa kudhalilisha." Alama ya matumizi ndiyo inayobeba tusi, mtu habebeshwi. Nilimpelekea mwanafunzi wangu rasimu hiyo, naye sasa ni mwalimu. Aliirudisha akisema ni sawa, lakini yeye hakuwa ameuliza juu ya shoga. Aliuliza neno lake. Pembezoni aliandika sahibu, akaongeza chini yake maana ya pili kwa mkono wake, na akaniomba nisiisome hadharani.

Nimeitimiza ahadi hiyo. Walimu wa skuli za Wete, Chake Chake na Mkoani waliomo humu ukumbini wanajua kuliko mimi jinsi vijana wanavyoitana hivi sasa, wanapotaniana na wanapopendana. Ningependa tuanze kwa kuwasikiliza wao.