TUNZA MTUTU UKUTUNZE
(Mazungumzo ya Kamati ya Ulinzi wa Mashamba mbele ya wanaushirika)



Mahindi yameanza kubeba, na nguruwe nao wameshanusa. Walinzi wetu watatoka usiku na bunduki ya ushirika, ile .303 ya Kiingereza. Basi leo tuseme habari ya mtutu wake, maana mtutu mbovu humwua mshikaji kabla ya nguruwe.

Kwanza, kutu yatoka wapi? Wengi wetu twasema mvua. Siyo mvua peke yake. Risasi nyingi za zamani za .303 zina fataki ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na chuma kinalika. Kikulacho ki nguoni mwako! Tena mafuta hayaiondoi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha.

Pili, ukaguzi. Hakikisha bunduki haina risasi: tazama magazini, tazama chemba, tia na kidole. Toa bolti. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga, uchungulie kutoka nyuma. Utaona mitaro inayozunguka, kwa kawaida 5. Iking'aa na kingo zake zikiwa kali, ni vizuri. Kingo zikiwa zimefifia, mtutu umechakaa, na risasi itakwenda pembeni. Ukiona vishimo vyeusi, kutu imeshakula. Ukiona pete nyeusi, huenda mtutu umevimba. Hapo hakuna mjadala: usipige hata risasi moja. Iende kwa fundi mwenye leseni, siyo kwa mhunzi wa gulioni.

Tatu, kusafisha. Baada ya kupiga, usingoje kesho.
1. Mimina maji ya moto kutoka upande wa chemba yatokee mdomoni.
2. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke safi. Kamba ya kusafishia ina nafasi yake ndani ya kitako.
3. Vuta kamba ikiwa imenyooka. Ikisugua ukingo wa mdomo, itauchimba, na shabaha itapotea.
4. Malizia na kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda. Mchanga na msasa ni marufuku.
5. Rudia kukagua kwa siku 3.

Nne, kabla ya kutoka lindoni, futa mafuta mtutuni na uchungulie tena. Nyigu wa udongo hupenda kujenga kwenye tundu kama hilo. Tope au kitambaa kilichosahaulika kikiziba njia, mtutu hupasuka usoni pa mpigaji.

Ndugu zetu, kazi yote hii haizidi nusu saa. Maji tunayo, vitambaa tunavyo. Tunaomba kila mlinzi anayerudisha bunduki aikague pamoja na mtunza ghala, wote wawili waone ndani, ndipo ifungiwe. Asiyeridhika aseme palepale. Shamba likiliwa tutalima tena. Jicho la mwenzetu hatutalipanda.