Bunduki ya mwindaji ndani ya nyumba

Leo hatusemi juu ya silaha za majeshi. Tunasema juu ya bunduki ya kuwinda, ile kalibre 12, ambayo baba mmoja wa Walikale au Shabunda anayo kwa ruhusa ya Leta, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1985. Ni bunduki ya kuleta nyama. Lakini ikilia usiku, jirani hajui kama ni ajali. Yeye anabeba watoto na kukimbilia porini.

Basi wewe mwenye bunduki, ukitoka kuwinda, ifungue nje, kabla ya kuingia nyumbani. Toa masasi yote, chungulia ndani ya mitutu mpaka uone mwanga upande wa pili. Wengi wanasema: "Nimefunga usalama, inatosha." Haitoshi! Katika bunduki nyingi za mitutu miwili, usalama unazuia kifyatuo tu. Nyundo ya ndani imebaki imevutwa, inashikwa na jino dogo la chuma. Jino hilo likilika, bunduki ikianguka toka ukutani inaweza kulia bila mkono wa mtu.

Kwa hiyo usiiweke siku nyingi resori zikiwa zimekazwa. Tia ndani maganda yaliyokwisha kupigwa, yale yenye mdomo wazi, elekeza mitutu kwenye udongo, vuta kifyatuo. Ganda linapokea pigo la msumari. Ukivuta bila kitu ndani, msumari unaweza kuvunjika.

Pangusa chuma na kitambaa chenye mafuta kidogo. Mafuta mengi hugandamana na vumbi na kuozesha mti wa kitako, kwa hiyo isimamishe mdomo ukitazama chini. Ala ya ngozi ni ya safari: inashika unyevu, na mvua ya msituni haichoki. Kifyatuo kikiwa chepesi kuliko zamani, usiibebe tena mpaka fundi aione.

Bunduki ikae chini ya kufuli. Masasi yakae mbali nayo, katika sanduku kavu lenye kufuli lake. Na funguo? Watoto wanajua kila kitu kilicho chini ya mto, waulize mama zao. Zivae mwilini. Ila siku umekunywa kasiksi, ao umegombana na shemeji juu ya mpaka wa shamba, mpe mzee unayemwamini, akurudishie kesho yake.