Lango Moja la Ndege: Nani Anapanga Bei?

(Maneno haya yalisemwa na ndugu yetu mfanya kazi wa Reli mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Najua wengine wenu mnauliza, mtu wa reli ana habari gani na mambo ya ndege? Kazi yangu ni mabehewa, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Lakini hesabu ya reli na hesabu ya kiwanja cha ndege ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili ni kazi ya kujenga kitu kikubwa kwa fedha nyingi, kisha kukaa miaka mingi ukidai ada kwa kila apitaye. Tena zote mbili, mambo yakiharibika, wa kwanza kuambiwa apunguze mkate wake ni mfanya kazi. Basi naomba mnisikilize.

Kwanza tuelewe kiwanja cha ndege kinauza nini. Ndege ikitua hulipa ada ya kutua, ambayo kwa desturi huhesabiwa kwa uzito wake. Ikilala, hulipa ada ya kulala. Kila abiria hulipa ada yake, ila haioni kwa sababu imo ndani ya bei ya tikiti. Halafu kuna kodi ya maduka, hoteli, mahali pa kuweka motokaa, na maghala ya mizigo. Hiyo yote ni fedha ya kiwanja.

Sasa, mwenye duka la sukari akipandisha bei, utavuka barabara uende kwa jirani yake. Lakini ndege kubwa inayoleta watu Nairobi kutoka ng'ambo itavuka kwenda wapi? Wilson ni kiwanja cha ndege ndogo. Mombasa ni mbali. Lango ni moja, pale Embakasi, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Mwenye lango la namna hiyo anaweza kudai atakacho, naye mpitaji atalipa huku akinung'unika. Huo ndio huitwa ukiritimba.

Msiseme, "Hayo ni mambo ya matajiri wapandao ndege." Dada zetu wanaokata maua Naivasha hawapandi ndege, lakini maua yao hupanda. Ada ikiongezeka, mwenye shamba atatafuta mahali pa kuikata hesabuni, na ninyi mnajua atatazama wapi kwanza.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi huweka msimamizi wa bei. Lakini kusimamia bei si kazi rahisi. Tuseme msimamizi anamwambia mwenye kiwanja, "Nionyeshe gharama zako, nami nitakuongezea faida kidogo juu yake." Maneno haya yanasikika kuwa ya haki. Lakini fikirini fundi wa nyumba anayelipwa sehemu fulani ya bei ya vifaa. Je, fundi huyo atabana saruji? Hata kidogo. Ataweka mawe ya kuchongwa hata chooni. Ndivyo ilivyo na kiwanja: kama faida hupimwa kwa ukubwa wa gharama, mwenye kiwanja atapenda jengo ghali kuliko jengo la kutosha, naye mpitaji ndiye atakayelipa.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 1986 walipitisha sheria, na mwaka 1987 wakauza kwa watu hisa za shirika lao la BAA, lililokuwa na viwanja 7, pamoja na Heathrow, Gatwick na Stansted kule London. Wakaweka kikomo cha ada kwa viwanja hivyo vitatu, kwa miaka 5. Kikomo kilikuwa namna hii: bei za vitu nchini zikipanda kwa 5 katika kila 100, ada ya kiwanja ipande kwa 4 tu, yaani pungufu kwa 1. Mwenye kiwanja akiweza kupunguza gharama zake zaidi ya hapo, faida ni yake mpaka kikomo kingine kipangwe. Kwa hiyo ana sababu ya kubana matumizi.

Njia hiyo ina akili, wala siikatai. Lakini ninyi watu wa chama mwulize neno moja: anabana wapi? Kuna kubana kwa kupanga kazi vizuri, kutengeneza mashine kabla haijafa, na kuondoa karatasi zisizo na maana. Na kuna kubana kwa kumwachisha mtu wa mshahara wa kudumu na kuita kibarua wa siku. Katika kitabu cha hesabu mambo hayo mawili yanafanana, yote yameandikwa "gharama imepungua". Bali ya kwanza ni ufanisi wa kweli, na ya pili ni kuhamisha fedha kutoka mfuko wa mfanya kazi kwenda mfuko wa mwenye hisa.

Tena kikomo chenyewe hubadilika. Kati ya mwaka 2003 na 2008 Heathrow iliruhusiwa kupandisha ada kwa 6.5 katika kila 100 kwa mwaka, zaidi ya kupanda kwa bei za vitu, kwa ajili ya jumba la tano la abiria, lililofunguliwa Machi 2008. Mwaka 2006 kampuni ya Ferrovial ya Hispania na wenzake waliinunua BAA. Mwaka 2009 Tume ya Ushindani ya Uingereza ikaamua ya kwamba si vizuri bwana mmoja kushika viwanja vyote vikubwa vya London, ikamwamuru auze. Gatwick iliuzwa mwaka huo huo, Edinburgh mwaka 2012, Stansted mwaka 2013.

Hata hivyo Heathrow bado ina nguvu kubwa, na bado inasimamiwa. Machi 2023 msimamizi aliamua ya kwamba ada ya wastani kwa kila abiria, ambayo mwaka 2023 ilikuwa pauni 31.57, ishuke hadi pauni 25.43 mwaka 2024. Wenye kiwanja walikuwa wameomba zaidi ya pauni 40. Mashirika ya ndege yalisema hata hiyo 25 ni nyingi. Wote wawili walikata rufani. Mimi sitaki kuwaambia nani alikuwa na haki. Nataka mwone jambo moja tu: hesabu ziliwekwa mezani, zikapigwa chapa, na kila mtu akaweza kubishana kwa tarakimu.

Katika hesabu hizo liko jambo la chungu. Fedha ya maduka na motokaa, je, itiwe chungu kimoja na ada za ndege, au chungu cha peke yake? Ikiwa chungu ni kimoja, kodi ya maduka husaidia kupunguza ada ya kutua. Heathrow hufuata njia hiyo. Ikiwa vyungu ni viwili, mwenye kiwanja huweka fedha ya maduka mfukoni, na ndege zikabeba gharama zao zote. Mtu akija kukodisha kiwanja chenu, neno hili dogo la chungu laweza kuwa na thamani kuliko kurasa 50 za ahadi.

Liko pia jambo la saa. Kule New York mwaka 1968 viwanja vilijaa mno wakati wa msongamano. Ndege ndogo yenye watu wachache ilitumia njia ya kurukia karibu sawa na ndege kubwa, lakini ililipa dola 5 tu. Wenye viwanja wakapandisha ada ya chini kabisa kuwa dola 25 kwa saa zile za msongamano. Ndege ndogo nyingi zikahamia saa nyingine au viwanja vingine. Hapakumwagwa saruji hata mfuko mmoja, wala hakuachishwa mtu kazi. Hiyo nayo ni ufanisi.

Sasa turudi nyumbani. Kiwanja chetu cha Jomo Kenyatta huendeshwa na KAA, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Mwezi wa Julai 2024 watu walisikia ya kwamba Adani Group ya India imetoa shauri la kukiendesha kwa miaka 30, na kutia dola milioni 1,850 kwa njia ya pili ya kurukia na jumba jipya la abiria. Shauri hilo halikutokana na tenda ya wazi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisimamisha jambo hilo kwa muda, na tarehe 11 Septemba ndugu zetu wa chama cha KAWU waligoma, abiria wakakwama, hata makubaliano ya kurudi kazini yakatiwa sahihi siku hiyo hiyo. Tarehe 21 Novemba 2024 Rais Ruto akatangaza Bungeni ya kwamba shauri limefutwa, baada ya wakubwa wa kampuni hiyo kushtakiwa Marekani, mashtaka ambayo kampuni iliyakana.

Wengi walishangilia. Lakini ndugu zangu, tazameni vizuri lilivyoanguka. Halikuanguka kwa sababu mtu alifungua vitabu mbele ya wananchi akaonyesha ada itakuwa ngapi mwaka wa 10, au mwaka wa 25. Liliangushwa na habari za nchi nyingine. Maana yake ni kwamba swali letu halijajibiwa. Kesho atakuja mwingine mwenye jina jingine, nasi tutakuwa pale pale.

Wala tusijidanganye ya kwamba kila kitu kikiwa cha serikali ni kizuri. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la abiria wanaofika, na kwa muda wageni walipokewa katika mahema. Kiwanja kinahitaji kutengenezwa, na fedha itatoka mahali fulani. Nasi watu wa reli tunajua habari za upande wa pili. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka 25, lakini mkataba ulivunjika mwaka 2017, haujafika hata nusu. Kwa hiyo kubadili mwenye mali peke yake si dawa. Dawa ni mpimaji ambaye mkono wake haumo mfukoni mwa mwenye lango wala mwa serikali, na hesabu ambazo hata mimi na wewe tunaweza kuziona.

Basi, likija shauri lo lote la kukodisha kiwanja, bandari au reli, naomba kamati yetu iulize maswali haya kabla ya kusema ndiyo au hapana:

1. Ada zitapangwa na nani, na kila baada ya miaka mingapi?
2. Chungu ni kimoja au viwili?
3. Jengo likigharimu kuliko ilivyosemwa, atakayelipa ni mwenye kampuni au mpitaji?
4. Gharama zitapunguzwa wapi? Kazi ngapi, mishahara ipi, na malipo ya uzeeni yatalindwaje?
5. Mkataba ukivunjwa, mali na madeni yatarudi kwa nani?
6. Je, chama kitapewa vitabu vya hesabu, au tutasomewa hotuba tu?

Asiyetaka kujibu maswali hayo sita, msimtilie sahihi, hata akija na picha nzuri za majumba ya vioo. Akijibu vizuri na kuandika, tuzungumze naye kama watu wazima.

Neno la mwisho ni hili. Mgomo ni silaha yetu, na wenzetu wa ndege waliitumia kwa ushujaa. Lakini mgomo wa siku moja hauwezi kulinda mkataba wa miaka 30. Kwa hiyo naomba tawi letu lichague vijana wawili wanaojua hesabu, wajifunze mambo haya, wasome kila karatasi inayotolewa, na watuletee habari kila mwezi kwa Kiswahili cha kueleweka. Tukichanga senti zetu kwa kazi hiyo, hatutazijutia.