Diski mpya haionekani: tuanzie wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kibombo)



Mumeniomba niseme juu ya ordinatere ya chama. Ni mashine ya zamani, wote munaijua. Tumeiongezea diski mpya kwa sababu ile ya kwanza ilianza kugonga-gonga ndani na kuchelewa kufunguka. Na ndani ya ile ya kwanza ndimo muko majina ya familia zilizorudi, michango ya matanga, likelemba, na madeni ya mbegu. Kwa hiyo leo siongei juu ya chuma tu, naongea juu ya makuta ya watu.

Tulipoifunga na kuwasha, diski mpya haikuonekana. Wengine wakasema: "Imekufa, irudishwe Kindu." Polepole! Kutoka hapa hadi Kindu, ungoje gari-moshi ao upande pikipiki, ni siku na ni makuta. Mara nyingi diski isiyoonekana si diski iliyokufa. Tufuate njia hii.

Kwanza, waya. Zima mashine, chomoa kuranti, kisha fungua. Diski iko na waya mbili: moja ya kuranti, nyingine ya habari. Kaza kila moja pande zote mbili. Ukiwasha tena, weka kidole juu ya diski: inazunguka? Kama hapana, kuranti haifiki. Mashine za zamani sana ziko na waya mpana kama utepe, aina ya IDE. Hapo diski mbili zinagawana waya mmoja, na kijiti kidogo nyuma ya kila moja kinasema nani wa kwanza, nani wa pili. Zote zikijiita wa kwanza, ni kama kijiji cha machifu wawili: hakuna anayesikilizwa. Aina ya SATA, yenye waya mwembamba, haina ugomvi huo.

Pili, BIOS, yaani ule ukurasa unaokuja mbele ya Windows, ukibonyeza F2 ao Delete. Jina la diski likiwa pale, waya ni mzima, usifungue tena. Likikosa, angalia kama mlango wake umefungwa humo ndani. Na tarehe ikirudi nyuma miaka, batri ndogo ya duara, CR2032, imekwisha, na mashine imesahau mipango yake. Tena, mashine nyingi za mbele ya mwaka 2002 hazioni zaidi ya GB 137, hata ukiweka diski kubwa namna gani.

Tatu, Windows. Diski mpya ni kama shamba lisilopimwa: iko, lakini haina mipaka wala jina. Haitaonekana kati ya zingine mpaka uingie mahali pa kusimamia diski, uichague, uigawe, uipe herufi. Kwa mashine ya zamani, chagua MBR. Inafaa kwa diski isiyopita TB 2. Yetu ilikuwa shida hii hii ya tatu. BIOS iliiona, Windows haikuwa imeipa herufi. Hakukuwa sababu ya kwenda Kindu.

Lakini munisikie vizuri hapa. Kazi hii inafuta kila kitu kilichoko juu ya diski utakayochagua. Soma ukubwa mara mbili: ya zamani ni GB 80, mpya ni GB 500. Na siku diski ya zamani ikiuliza yenyewe, "Unataka kuniandaa upya?", jibu ni HAPANA. Maana yake imeshindwa kujisoma. Ukikubali, unazidi kuzika majina ya watu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa visi hata moja, tulinakili madaftari juu ya ufunguo wa USB, na daftari la karatasi halikuachwa. Tuendelee hivyo kila mwisho wa mwezi.

Kwenu wafadhili: aksanti kwa diski. Mukitaka kutuma kitu tena, mutuulize kwanza mashine yetu inakubali aina gani. Na funguo mbili za USB zingetusaidia kuliko diski kubwa zaidi, sababu moja ingekaa hapa na nyingine nyumbani kwa mtunza sanduku.